Almasi mbili za karati moja: kwa nini moja inawaka na nyingine imezubaa

Swali: Nimeonyeshwa almasi mbili za duara kwa ajili ya pete ya uchumba. Zote zina uzito wa karati 1.00, rangi G, usafi VS2, na zote zina cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima na kupanga almasi kwa madaraja. Ya kwanza mkato wake umeandikwa Excellent: upana 6.45 mm, kina asilimia 61.5 ya upana, meza 56, pembe ya juu 34.5, ya chini 40.8. Ya pili imeandikwa Fair: upana 6.20 mm, kina 67.3, meza 56, pembe ya juu 37, ya chini 42.4, na kiuno kinene. Ya pili bei yake ni nafuu sana. Dukani zote zinawaka. Je, mkato unabadilisha kitu ninachoweza kukiona kwa macho yangu, au ni maneno ya kuuzia tu?

Jibu: Unabadilisha, na kwa almasi ya duara hakuna mstari mwingine katika cheti unaobadilisha zaidi ya huo. Tofauti ya rangi G na H watu wengi hawaioni jiwe likishawekwa kwenye pete. Usafi wa VS2 na VS1 hutofautiana chini ya lenzi, si kwa macho. Lakini almasi iliyokatwa vibaya utaiona imezubaa ukiwa umekaa upande wa pili wa meza, hasa mchana. Umefanya vizuri kuleta vipimo kamili, kwa sababu vinatuwezesha kuzungumza juu ya mawe yako yenyewe badala ya almasi kwa ujumla.

Kwanza tuelewane sehemu za jiwe. Ukilitazama almasi ya duara kwa ubavu, katikati kuna ukingo mwembamba unaolizunguka. Hicho ndicho kiuno, mahali ambapo meno ya pete hushika. Juu ya kiuno kuna taji, na bapa kubwa lililolala juu kabisa ya taji ndilo meza. Chini ya kiuno kuna kitako, kinachochongoka hadi kwenye ncha. Mkato wa kawaida wa duara una mabapa 33 juu na 24 chini, jumla 57. Ncha ikisagwa kidogo ili isipasuke, yanakuwa 58. Katika mchoro ulio kwenye cheti, asilimia iliyo juu kabisa ni upana wa meza ukilinganishwa na upana wa jiwe zima. Pembe iliyo juu ya kiuno, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 30 na 37, ni ya taji. Na ile ya chini, inayozunguka 41, ni ya kitako. Namba hiyo ya kitako ndiyo ya kuitazama kwanza.

Sababu yake iko katika jinsi almasi inavyoushika mwanga. Kipeo cha mpindo cha almasi, yaani namba inayoonyesha inavyoupinda mwanga, ni 2.417, wakati cha maji ni 1.33 na cha kioo cha kawaida ni kama 1.5. Kwa kipeo kikubwa namna hiyo, mwale uliokwisha kuingia ndani ya jiwe hupata shida kutoka. Ukilifikia bapa kwa pembe inayozidi nyuzi 24.4, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya bapa hilo, hautoki hata chembe; unaakisiwa wote kurudi ndani. Ukilifikia kwa pembe iliyo chini ya hapo, sehemu kubwa yake inapenya na kwenda zake. Kwa kioo mpaka huo uko kwenye nyuzi 41.8, ndiyo maana kioo kilichokatwa umbo lilelile la almasi hakiwezi kuwaka kama almasi hata kikisafishwa vipi.

Kazi ya mkataji, basi, ni kupanga mabapa ya kitako ili mwanga ulioingia kwa juu uakisiwe mara mbili, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha utokee juu tena, kwenye jicho lako. Chukua mwale unaoshuka wima na kuingia kupitia meza ya jiwe lako la kwanza. Unalifikia bapa la kitako kwa nyuzi 40.8, unaruka karibu mlalo hadi upande wa pili, unalifikia bapa la huko kwa nyuzi 57.6, kisha unapanda ukiwa umeinama nyuzi kama 17 tu kutoka wima. Mara zote mbili uko mbali na mpaka wa 24.4, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Kwa mwale huo wa katikati hata jiwe lako la pili linafanya kazi. Shida iko kwenye miale inayoingia kupitia mabapa ya taji yaliyoinama, pembeni mwa meza. Mwale wa namna hiyo hupinda unapoingia, halafu unalifikia bapa la pili la kitako kwa pembe ndogo zaidi. Hesabu yake ni rahisi: anza na 180, toa pembe ya kitako mara tatu, kisha toa mwinamo ambao mwale umeupata kwenye taji. Taji la nyuzi 34.5 linaupa mwale mwinamo wa nyuzi 21 hivi. La 37 linaupa karibu 22.6. Kwa jiwe la kwanza: 180 kutoa 122.4 kutoa 21, unabaki na 36.6. Kwa la pili: 180 kutoa 127.2 kutoa 22.6, unabaki na 30.2.

Mpaka ni 24.4. Jiwe la kwanza lina akiba ya nyuzi 12 kabla halijaanza kuvuja. La pili lina akiba isiyofika 6. Na hiyo ni hesabu ya jiwe lililosimama sawasawa, likiangaliwa kutoka juu kabisa, kupitia mabapa makuu peke yake. Pete haivaliwi hivyo. Mkono unageuka, jicho linaangalia kwa upande, na mabapa madogo ya kitako yaliyo karibu na kiuno yameinuka zaidi ya yale makuu kwa takriban nyuzi moja, ambayo kwenye hesabu yetu inazidishwa kwa tatu. Akiba ya nyuzi 6 inaliwa upesi. Mahali inapoisha, mwanga unapenya kwa chini, na wewe kwa juu unaona doa la kijivu lisilo na uhai. Kwa mawe yenye taji na kitako vilivyosimama kupita kiasi, madoa hayo hujipanga kuwa duara zima lililofifia chini ya ukingo wa meza.

Tazama tena ile hesabu uone jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi: pembe ya kitako inahesabiwa mara tatu, ya taji haifiki hata mara moja. Nyuzi moja ya taji inasogeza matokeo kwa nyuzi 0.65 hivi, ya kitako inasogeza kwa 3. Ndiyo sababu ya kanuni ya wakataji kwamba taji likiinuka kwa nyuzi moja, kitako kishushwe kwa takriban 0.2 ili kufidia. Taji la 35 linakaa vizuri na kitako cha 40.6 au 40.8, taji la 33.5 linaweza kuvumilia kitako cha 41 au 41.2. Kinachoharibu ni vyote viwili kusimama kwa pamoja, kama kwenye jiwe lako la pili, au vyote viwili kulala kwa pamoja. Vikilala sana jiwe halivuji, ila mwanga linaourudisha unatoka karibu mno na mahali kichwa chako kilipo. Kwa kuwa kichwa kinaziba mwanga, ukilisogeza jiwe karibu na uso linageuka jeusi katikati.

Kitako kikishuka chini ya nyuzi 39 hivi, hasa meza ikiwa pana, taswira ya kiuno chenyewe inaonekana ndani ya meza kama duara jeupe lililofubaa, na almasi inakutazama kama jicho la samaki. Kikizidi 43 au 44, kinachoonekana ni giza katikati ya meza. Makosa haya mawili usiyachukue hata kwa punguzo.

Hadi hapa nimezungumzia mng'ao tu, yaani wingi wa mwanga mweupe unaorudi. Uzuri wa almasi una mambo mengine mawili. La kwanza ni cheche za rangi: nyekundu, chungwa, buluu, zinazoruka jiwe likitikiswa chini ya taa moja kali. Almasi haipindi rangi zote sawasawa. Kipeo chake kwa wekundu ni kama 2.41, kwa zambarau 2.45, na tofauti ya 0.044 inatosha kuutawanya mwanga. Lakini ili utawanyike inabidi utoke kwa kuinama, kupitia mabapa ya taji. Meza ikipanuliwa hadi asilimia 64 au 65, taji linabaki jembamba, na jiwe linatoa weupe mwingi na rangi kidogo. Meza ya 54 hadi 58, na taji lenye kimo cha asilimia 14.5 hadi 16, ndipo weupe na rangi hupatana. Meza za mawe yako yote mawili ziko sawa hapo, ila cheche za rangi ni sehemu ya mwanga uleule unaorudi: jiwe linalovuja lina mwanga mchache wa kuutawanya.

La pili ni kumeta, yaani mabaka ya mwanga na giza yanayobadilishana pete ikisogea. Hapa giza si adui. Almasi iliyokatwa vizuri ikiangaliwa kutoka juu inaonyesha mishale minane myeusi iliyotawanyika kutoka katikati. Ni mabapa makuu ya kitako yanayoakisi kivuli cha kichwa chako. Bila giza hilo weupe ungeonekana kama bati jipya juani. Mishale ikiwa sawa kwa urefu na upana, mabapa yamekaa mahali pake. Ikiwa imepinda, au mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, mkataji aliyumba, na jiwe litameta upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwenye cheti ulinganifu huu wa mabapa umewekwa kwenye mstari wake (Symmetry), tofauti na ule wa ung'arishaji wa mabapa (Polish). Usikubali yoyote kati ya hizo iwe chini ya Very Good.

Kipimo cha pembe hizi si cha jana. Marcel Tolkowsky, mhandisi kutoka familia ya wakataji wa Antwerp, alichapisha hesabu yake mwaka 1919: meza asilimia 53, taji nyuzi 34.5, kitako nyuzi 40.75. Wakataji wa leo wamepanua meza kidogo, lakini kitako hakijasogea. Miaka mia moja ya vifaa vipya, kamera na kompyuta, imerudi palepale kwenye 40.6 hadi 41. GIA yenyewe ilianza kutoa daraja la mkato kwa almasi za duara mwaka 2006, ikiwa na ngazi tano: Excellent, Very Good, Good, Fair na Poor. Fair, kwa hiyo, ni ngazi ya pili kutoka chini. Kwenye rangi au usafi ngazi ya katikati inaweza kuwa ununuzi wa busara. Kwenye mkato Fair siyo.

Sasa utauliza: kama kila mtu anajua 40.8 ndiyo nzuri, kwa nini mtu akate 42.4? Jibu ni uzito. Almasi ghafi nyingi nzuri huja na umbo la mabapa manane, kama piramidi mbili zilizogusanishwa vitako, na nyuso zake zimeinama nyuzi 54.7 kutoka mlalo. Kuzishusha hadi 41 ni kusaga mali iwe unga. Mkato mzuri wa duara kwa kawaida hubakiza chini ya nusu ya uzito wa jiwe ghafi. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5; John Williamson, mwenye mgodi huo, aliitoa zawadi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, na ilipomaliza kukatwa London ilibaki karati 23.6. Asilimia 57 ya jiwe lile adimu iliondolewa, na waliolikata walijua wanachofanya. Almasi maarufu ya Koh-i-Noor nayo ilipoonyeshwa London mwaka 1851 ikiwa na karati 186 za kipimo cha wakati ule, watazamaji walivunjika moyo kwa sababu haikuwaka. Mwaka uliofuata Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliagiza ikatwe upya, ikashuka hadi karati 105.6.

Kwa jiwe la ukubwa wa lako, kishawishi kiko kwenye namba 1.00. Bei ya karati hupanda ghafla jiwe linapovuka namba kamili, hivyo mkataji ambaye jiwe lake lingetoa 0.90 nzuri anaweza kuamua kuacha kitako kirefu na kiuno kinene ili mizani isome 1.00. Hivyo ndivyo jiwe lako la pili lilivyo. Tulipime. Uzito wa almasi ya duara hukadiriwa kwa kuzidisha upana kwa upana, kisha kwa kina, vyote kwa milimita, kisha kwa 0.0061, kiuno kikiwa kinene ongeza asilimia chache. Jiwe la kwanza: 6.45 mara 6.45 mara 3.97 mara 0.0061, unapata karati 1.01. Jiwe la pili lina kina cha 4.17 mm, hesabu inatoa 0.98, ongeza cha kiuno, unafika 1.00. Sasa jiulize, jiwe lenye upana huohuo wa 6.20 mm lingekuwa na uzito gani kama lingekatwa kwa kina cha asilimia 61.5? Karati 0.89.

Maana yake ni kwamba ukinunua la pili unalipia karati moja na kuvaa upana wa 0.89. Zile 0.11 zimefichwa chini na kwenye kiuno, mahali pasipoonekana, kama nyama iliyopimwa na mfupa wake. Tena uso wa jiwe la kwanza ukiangaliwa kutoka juu ni mkubwa kwa asilimia 8 hivi, kwa uzito uleule. Punguzo unaloahidiwa lilinganishe na bei ya almasi nzuri ya 0.90, si na ile ya karati moja. Mara nyingi utakuta punguzo lenyewe limeyeyuka.

Umesema dukani zote zinawaka. Hilo halinishangazi hata kidogo. Dari za maduka ya sonara zimejaa taa ndogo kali, na taa ndogo kali huamsha cheche za rangi katika almasi yoyote, hata iliyokatwa vibaya. Taa hizo zinaonyesha kitu kimoja tu kati ya vitatu. Omba uyatoe mawe kwenye mwanga mwingine. Muuzaji anayejiamini atakubali, akiwa amesimama pembeni yako.

Anza kwa kuomba yote mawili yasafishwe mbele yako, kwa sababu alama moja ya kidole inatosha kuvuruga ulinganisho. Kisha yasogeze karibu na dirisha, mchana, lakini si kwenye jua la moja kwa moja. Unataka mwanga uliotulia wa anga. Yashike kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, yote mawili kwa pamoja, ubavu kwa ubavu. Jiwe zuri linabaki jeupe na hai hadi ukingoni. Linalovuja linaonyesha ukanda wa kijivu, na mara nyingi linaonekana dogo kuliko lilivyo kwa sababu kando zake zimezimika. Yainamishe polepole nyuzi 10 hadi 15 kila upande uone ni lipi linalozimika kwanza. Halafu yapeleke kwenye kivuli, chini ya meza ya dukani, au yafunike kwa kiganja ukiacha mwanga mdogo. Mwisho ndipo uyarudishe kwenye taa za dari uone rangi.

Kama mawe hayajafungwa kwenye pete, yalaze kwenye karatasi ya rangi kali, nyekundu au kijani, meza ikiangalia juu. Rangi ya karatasi ikichungulia ndani ya jiwe, hapo ndipo mwanga unapotoroka. Njia iliyotoka mwanga ndiyo hiyohiyo rangi iliyoingilia. Baadhi ya maduka yana kibomba kidogo cha kuangalizia chenye wekundu ndani yake na mwanga mweupe kutoka nyuma ya jiwe. Kwenye kifaa hicho wekundu ni mwanga unaorudi, weupe ni uvujaji, na weusi ni kivuli cha kichwa. Jiwe la kwanza litakuwa jekundu karibu lote likiwa na ile mishale minane myeusi. La pili natarajia liwe na mabaka meupe yanayozunguka meza.

Neno la tahadhari kuhusu Excellent yenyewe. Si zote ziko sawa. GIA hukadiria wastani wa mabapa yote manane na kuuzungusha: pembe ya taji hadi nusu nyuzi iliyo karibu, ya kitako hadi 0.2. Taji la 35.5 na kitako cha 41.2 bado vinaweza kupewa Excellent, na ukipiga hesabu yetu vinakupa 34.8 badala ya 36.6. Si jiwe baya, ila limeegemea upande wa kubakiza uzito, na kama bei ni ileile huna sababu ya kulichukua. Kwa ununuzi wa duara weka mipaka yako mwenyewe, myembamba kuliko ya cheti: meza 54 hadi 58, kina 60 hadi 62.5, taji 34 hadi 35, kitako 40.6 hadi 41, kiuno kisicho chembamba sana wala kinene. Kiuno chembamba mno nacho kina hatari yake. Almasi haikwaruzwi na kitu cha nyumbani, lakini inapasuka ikigongwa kwenye mwelekeo dhaifu, na ukingo mwembamba ndio unaomegeka kwanza.

Mipaka hiyo ni ya duara peke yake. Kwa umbo la yai, tone, mraba au mstatili vyeti vingi havina daraja la mkato, kwa hiyo macho yako ndiyo cheti. Kwenye yai angalia kivuli cheusi kinachokata katikati kwa upana. Kikiwa chepesi na kinahama jiwe likisogea hakina neno, kikikaa palepale acha. Wala usibebe namba za almasi kwenda nazo kwenye vito vingine. Tanzanaiti ya Mererani ina kipeo cha kama 1.69, na mpaka wake wa kuvuja uko kwenye nyuzi 36, kwa hiyo kitako kilicholala kinafungua dirisha katikati ya jiwe ambalo unaona kidole kupitia humo. Mawe mengi mazuri ya pale yameharibiwa kwa namna hiyo, na inasikitisha, kwa sababu mengi yangeweza kuokolewa kwa kitako kirefu kidogo.

Baada ya kununua, kuna adui mmoja ambaye anaweza kuifanya almasi ya Excellent ifanane na ya Fair ndani ya wiki chache: mafuta. Almasi huyavuta, na yakitanda kwenye kitako mpaka wa uakisi unahama. Dhidi ya hewa ni 24.4. Dhidi ya mafuta ya nazi, ambayo kipeo chake ni kama 1.45, mpaka unapanda hadi karibu nyuzi 37. Kumbuka jiwe lako la kwanza lilikuwa na 36.6; tabaka jembamba la mafuta chini yake linatosha kulifungulia njia ya kuvuja. Losheni, mafuta ya nywele, siagi ya kupikia na mabaki ya sabuni hufanya vivyo hivyo. Loweka pete dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kisha isugue kwa mswaki laini wa mtoto, na kazi kubwa iwe chini ya jiwe, si juu. Suuza ndani ya bakuli, kamwe usisuuzie juu ya sinki lililo wazi. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, inadhuru dhahabu. Mara moja kwa wiki inatosha kwa pete inayovaliwa kila siku.

Kwa sababu hiyohiyo mwambie sonara aiache wazi sehemu iliyo chini ya jiwe. Wapo wanaosema almasi inahitaji mwanga uingie kwa chini ili iwake. Iliyokatwa vizuri haihitaji, mwanga wake wote unaingia na kutoka kwa juu. Uwazi wa chini ni kwa ajili ya mswaki.

Basi chukua la kwanza. Kama fedha haifiki, usishuke kwenye mkato. Omba almasi ya karati 0.90 yenye kitako cha 40.6 hadi 41. Upana wake utakuwa karibu 6.2 mm, sawa kabisa na lile la Fair, na litakuwa na uhai ambao lile halina. Au baki kwenye karati moja na ushuke rangi hadi H au I, usafi hadi SI1 ambayo umeikagua mwenyewe usione doa kwa macho. Kabla ya kulipa, omba lenzi inayokuza mara kumi, tafuta namba iliyochorwa kwa leza kwenye kiuno kama cheti kinaonyesha ipo, ilinganishe na ya cheti, kisha iingize kwenye tovuti ya GIA usome vipimo kutoka huko badala ya kwenye karatasi uliyopewa. Pembe mbili, ya taji na ya kitako, zikiwa ni zilezile ulizonitumia, lipa.